Mwanamume Aliyechelewa Kupenda

Mwezi huu tuzungumzie jambo ambalo watu hulicheka barazani na kulinyamazia hospitalini: mwanamume mzima, wa miaka 30 au 40, ambaye hajapata kuwa na mchumba wala kumjua mwanamke. Sinema zimelisimulia vizuri kuliko tunavyolieleza sisi wauguzi, basi tuanzie huko.

Mwaka 1955 ilitoka Marekani sinema iitwayo "Marty". Marty ni muuza nyama wa Bronx, New York, mwenye miaka 34, wa familia ya Kikatoliki yenye asili ya Italia. Wadogo zake wote wana ndoa zao, naye wateja wanamwuliza pale buchani kama haoni haya. Jumamosi moja mama yake anamhimiza aende dansini. Huko anamkuta Clara, mwalimu, aliyetelekezwa na kijana aliyekuja naye. Wanaongea hadi usiku mwingi. Marty anapotaka kumbusu, Clara anaogopa na kumsukuma, naye anaumia sana, mpaka wanapoelezana.

Tazameni sasa ya kesho yake. Rafiki zake wanasema binti hana sura. Mama, aliyekuwa akililia mkwe, anaingiwa na hofu ya kuachwa peke yake, naye anamkosoa Clara. Marty anakaa jioni nzima bila kumpigia simu, kisha anakasirika na kuinua simu. Wanaomcheka kwa kutokuoa ndio hao hao wanaomfungia njia. Mambo hayo hata huku kwetu tunayaona.

Sinema ya mwaka 2005, "The 40-Year-Old Virgin", ina maneno machafu mno, si ya kutazama na watoto. Lakini inaonyesha kweli jinsi wenzake kazini wanavyomsukuma bwana huyo kwa mwanamke yeyote, ili mradi tu. Kwetu kusukumwa namna hiyo kumewaletea wengi kisonono, na wengine virusi vya UKIMWI.

Kuchelewa si ugonjwa. Nguvu za kiume haziozi kwa kungoja. Kinachomwangusha mtu usiku wa kwanza mara nyingi ni hofu: mwili wenye hofu hujiandaa kukimbia, damu huelekea kwenye misuli ya miguu na mikono, na kule kunakotakiwa haifiki ya kutosha. Apumzike, wazungumze na mkewe, wajaribu siku nyingine. Asinunue dawa za mitaani. Ila ambaye hata alfajiri haamki na nguvu, kwa majuma mengi, na aje tupime sukari na shinikizo la damu.

Sinema inayotugusa zaidi ni "The Sessions" ya mwaka 2012, juu ya mshairi Mark O'Brien, mtu wa kweli. Alipata polio mwaka 1955 akiwa na miaka 6, akapooza tangu shingoni, akawa analala ndani ya mashine ya kumsaidia kupumua. Katika sinema ana miaka 38 anapomwendea padre kumweleza kwamba hajapata kuguswa na mwanamke kwa mapenzi. Kisha anamlipa mtaalamu wa kike amfundishe. Hapo hatuwezi kumfuata, maana ni nje ya ndoa. Lakini swali lake lilikuwa la haki. Polio hushambulia neva zinazoendesha misuli. Zile za kuhisi huziacha. O'Brien alihisi kila mguso, na mwili wake ulikuwa na tamaa kama wa mwanamume yeyote, huku waliomwogesha na kumvisha wakimshika kama mzigo. Baadaye alimpata mwenzi, akawa naye hadi kufa kwake mwaka 1999.

Wazazi wengi hudhani mtoto aliyepooza mguu hana haja ya kuelezwa habari za ujana. Akifika miaka 11 au 12, mweleze kama unavyowaeleza ndugu zake, na posa ikizungumzwa nyumbani, naye aitwe aketi.