NAMNA YA KUENDELEA KATIKA MCHEZO WA BAO

Tangu muhula uliopita wenzangu wa bwenini wamekuwa wakiniuliza siri ya kushinda bao. Yafaa niseme kweli mapema: mimi si bingwa. Nimefungwa mara nyingi kuliko nilivyofunga; lakini aliyekwisha kutumbukia shimoni ndiye awezaye kuwaonyesha wenziwe shimo lilipo.

Bao nilijifunza kwetu, katika delta ya Rufiji, ambako chombo hakiondoki kwa saa ya ukutani bali kwa maji. Maji yakipwa, mashua hukaa juu ya tope katikati ya mikoko, na abiria hana budi kungoja. Wazee wetu hungoja wakicheza bao, na ustadi wao wameupatia hapo.

Kwa wasiojua, ubao una mashimo 32, safu mbili zako na mbili za mwenzio, na kete ni 64, ambazo kwetu ni komwe. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 6 katika nyumba, lile shimo la mraba la safu ya mbele, na kete 2 katika kila moja ya mashimo mawili yaliyo kuliani kwake. Kete 22 hubaki mkononi, na kuziingiza moja moja ndiko kunamua. Zikiisha za mkononi, huanza mtaji. Aliyemalizwa kete zote za safu ya mbele, au asiye na mchezo wa kucheza, amefungwa.

Sasa nitoe mashauri yangu.

Kwanza, hesabu kabla hujagusa kete. Unapoanza kula, kete ulizokula huzigawa moja moja kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho la safu yako ya mbele. Nyumba ni shimo la tano kutoka kushoto, na la nne kutoka kulia. Basi ukila kete 5 ukaanzia kushoto, ya mwisho huangukia nyumbani. Ukianzia kulia, zatosha 4. Mwenye kulishika jambo hili hana haja ya kunyoosha kidole hewani kama anayehesabu mbuzi wa jirani.

Pili, kumbuka kwamba awezaye kula hulazimika kula. Sisi vijana huiona sheria hii kuwa ni neema. Wazee huiona kuwa ni kamba. Mzee hukuachia kijishimo kimoja cha kula, nawe wala kwa furaha, kumbe ndiko alikotaka uende. Kwa hiyo kila mara jiulize, "Nikicheza hivi, mwenzangu atalazimika kula wapi?"

Tatu, usiicheze nyumba kwa tamaa. Likizo moja nilicheza na Babu yangu mbele ya watu waliokuwa wakingoja maji. Nilikula mara tatu mfululizo, kete yangu ya mwisho ikaangukia nyumbani. Ningeweza kulala, lakini nilikuwa na hamu ya kusifiwa, nikaibeba nyumba nzima nikaimwaga safu ya mbele. Babu hakusema neno. Alikula, akala tena, na baada ya zamu chache safu yangu ya mbele ilikuwa tupu, na kete 9 ningali nazo. Huko ndiko kufungwa mkononi, na mpaka maji yalipojaa watu walikuwa bado wanacheka.

Nne, kelele si akili. Yuko mchezaji apigaye kete kwa kishindo mpaka ubao ukaruka, na yuko mtazamaji atoaye mashauri kumi kwa dakika, naye akikalishwa hufungwa kabla hajakunja miguu vizuri. Ukifungwa, usiseme jua lilikuwa likikupiga machoni. Panga kete upya, utafute mahali ulipokosea.

Tano, nalo ndilo kubwa, usiudanganye ubao. Macho ya Babu siku hizi yameingia ukungu, haoni kete. Tukicheza, namtajia idadi ya kila shimo, naye huniambia aanzie wapi na aelekee upande gani. Desemba iliyopita, tukiwa katika mtaji, niliona kwamba ataila safu yangu karibu yote. Shimo lililokuwa na kete 3 nikalitaja kuwa na 2. Babu alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, umenitajia kete 63. Tafuta moja, huenda imeanguka."

Alijua kwamba haikuanguka. Niliinama chini kama ninayetafuta, na machozi yakanitoka. Nilipoinuka nikamwambia kweli. Akajibu, "Haya, taja tena," tukaendelea, akanifunga. Hakumwambia mtu, nami leo nawaambieni mwenyewe.

Wako wazazi wanaodhani bao ni mchezo wa wavivu. Nawaomba wakumbuke kwamba Mwalimu Nyerere alilipenda, na kwamba mwaka 1995 mtaalamu wa Kiholanzi, Alexander de Voogt, alitoa kitabu kizima juu ya ubingwa wa bao, baada ya kuwachunguza mabingwa wa Unguja. Mzee asiyeona, aliyeweza kushika mashimo 32 kichwani na kuijua kete moja iliyopungua, si mvivu.

Ndugu wanafunzi, mkienda likizo, kaeni na wazee wenu mjifunze wangali hai. Na anayetaka kupimana nguvu nami, Jumamosi baada ya kufua anikute chini ya mwembe. Nitamkaribisha kwa heshima, na nitazihesabu kete zote mbele yake.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne
Kibiti