Umebadilisha till, mbona tovuti yako bado inatumia ya zamani?

Umepata nambari mpya ya till, ukamwambia fundi wa tovuti aibadilishe kwenye duka lako la mtandaoni. Fundi anasema tayari, na kwake kila kitu kinaonyesha kijani. Lakini wateja wakilipa, pesa zinaingia till ile ya zamani, pengine ile mliyofungua na mshirika ambaye mmeshaachana kibiashara. Shida iko wapi? Leo tunaieleza kwa lugha rahisi, ndio ujue maswali ya kumuuliza fundi wako.

Tovuti hupitia hatua gani?

Siku hizi fundi hapakii faili moja moja kwa mkono. Anaandika skripti, yaani orodha ya amri, halafu mfumo kama GitLab au GitHub unaziendesha wenyewe kila anapofanya mabadiliko. Mara nyingi hatua ni tatu: kujenga, kupima na kupeleka hewani. Kwa kawaida hatua moja ikifeli, zinazofuata zinasimama.

Ndani ya skripti kuna vibadilika. Kibadilika ni jina linalobeba thamani. Fundi anaandika jina TILL, na skripti ikiendeshwa, nambari yako ndiyo inayowekwa mahali pake.

Kila kazi huanza upya

Menyu ya USSD unaijua. Umeweka nambari, umeweka kiasi, na kabla hujafika kwenye PIN muda unaisha. Ukipiga tena unaanza mwanzo, kwa sababu menyu haikumbuki ulichoandika.

Kazi za kujenga tovuti ziko vivyo hivyo. Kazi ikiisha, vibadilika vilivyowekwa na skripti yake vinaisha nayo. Thamani iliyowekwa wakati wa kujenga haitaonekana wakati wa kupeleka hewani, isipokuwa fundi ameikabidhi. Anaweza kuiandika kwenye faili inayohifadhiwa na kupitishwa kwa hatua inayofuata, au kuiweka kwenye mipangilio ya mradi ambapo kila kazi inaweza kuisoma.

Ubaya ni kwamba skripti nyingi hazilalamiki. Kibadilika kikikosekana, skripti ya bash inakichukulia kuwa kitupu na kuendelea kama kawaida. Fundi akiweka amri ya `set -u` mwanzoni, skripti itasimama papo hapo na kutaja jina lililokosekana. Afadhali isimame kuliko wateja wako wakutane na kitufe cha malipo kisicho na nambari.

Nambari iliyoingia wakati wa kujenga

Mandazi yakishakaangwa, huwezi kurudi kuongeza sukari kwenye unga. Tovuti nyingi husoma nambari ya till wakati wa kujenga, na nambari hiyo inabaki ndani ya faili zilizojengwa. Fundi akiibadilisha kwenye hatua ya kupeleka hewani pekee, faili bado zina ile ya zamani. Hapo ndipo pesa zinapopotelea, na bado kila hatua inaonyesha kijani. Dawa ni kubadilisha nambari kwenye mipangilio, kisha kujenga tovuti upya kutoka hatua ya kwanza.

Funguo za siri

Tovuti huunganishwa na mfumo wa malipo kwa funguo za siri. Zisiandikwe ndani ya skripti. Yeyote anayeweza kuisoma skripti ataziona, na hata zikifutwa zinabaki kwenye historia ya Git. Mahali pake ni sehemu ya siri kwenye mipangilio. Kama ziliwahi kuandikwa wazi, kuzifuta hakutoshi. Omba funguo mpya na uzime zile za zamani.

Na PIN yako je? Fundi haihitaji katika hatua yoyote. Akiiomba, usimpe.

Muulize fundi wako maswali haya

1. Nambari ya till inasomwa katika hatua gani, na umejenga upya tangu uibadilishe?
2. Kibadilika kikiwa kitupu, skripti inasimama au inaendelea?
3. Funguo za majaribio na funguo halisi zimetenganishwa?
4. Nani mwingine anaweza kuona funguo zangu?

Kabla hujawatangazia wateja, nunua kitu cha bei ndogo kwenye duka lako mwenyewe. Usiangalie tu kwamba malipo yamepita. Soma SMS yote na uhakikishe jina la aliyepokea ni la biashara yako, kisha uone kama pesa zimefika kwenye till mpya. Kama sivyo, mwambie fundi aondoe kitufe cha malipo kwanza, halafu ndipo atafute tatizo. Kila dakika kitufe hicho kinapobaki hewani, kuna mteja anayeweza kulipa mahali pasipo pako.