Nundu ya pili tunamwotesha sisi

Ng'ombe wetu wa asili huzaliwa na nundu moja. Ya pili, ile inayotokeza pajani au shingoni wiki moja baada ya matibabu, tunamwotesha sisi wenyewe. Ukienda mnada wa Pugu utawaona wanunuzi wazoefu wakipitisha kiganja takoni mwa mnyama kabla hata ya kutaja bei. Wanajua kwamba penye kinundu, mchinjaji atakata na kutupa.

Ukimuuliza aliyechoma, jibu liko tayari mdomoni: "Dawa yenyewe kali." Ukweli upo, ila mdogo. OTC (oksitetrasaiklini) ya asilimia 20 inachubua nyama, na isometamidiamu tunayotumia huku Chalinze kwa sababu ya ndorobo inachubua zaidi. Lakini nimeona chupa moja ikitumika kwenye kundi moja, siku hiyo hiyo, kwa mikono miwili tofauti. Ng'ombe wa huyu wakavimba, wa yule wakabaki laini. Kwa hiyo mimi dawa naishtaki mwisho, baada ya kuangalia mkono, sindano na mahali palipochomwa.

Mahali ni shingoni. Simama ubavuni kwa mnyama utazame shingo yake: juu kuna mshipa mgumu unaotoka kichwani kwenda kwenye nundu, chini kuna mifupa ya shingo, nyuma kuna bega. Katikati panabaki pembetatu ya nyama, na humo ndimo pa kuchoma. Takoni kuna nyama ya bei, na ndani yake unapita mshipa wa fahamu wa mguu. Ndama akichomwa vibaya pale anaweza kuchechemea maisha yake yote. Wamarekani walipokagua ubora wa nyama yao nchi nzima mwaka 1991, makovu ya sindano yalikuwa miongoni mwa hasara zilizowauma, na wafugaji wao wakahimizwa kuhamia shingoni. Tena kovu haliharibu pale lilipo tu. Nyama inayolizunguka huwa ngumu hata kama kwa macho inaonekana safi.

Mzee mmoja jirani yangu, mwenye ng'ombe wengi kuliko mimi, alinijibu hivi nilipomweleza: "Kijana wangu, pembe ziko mbele. Ndiyo maana mimi nachoma nyuma." Shikamoo, mzee! Hapo alisema jambo ambalo vitabu havilisemi. Watu wengi wanachoma takoni kwa sababu hawana pa kumbania mnyama, wala si kwa kutojua. Basi anza na mbao. Njia nyembamba ya magogo, nguzo zilizozama vizuri na mti wa kupitisha nyuma ili asirudi kinyumenyume, vinatosha. Ng'ombe akiruka wakati sindano iko ndani, ncha inachana nyama, damu inavuja humo ndani, dawa inamwagika isikotakiwa. Kinundu kimeshapatikana, hata kama dawa ilikuwa laini kama maji.

Kabla ya kuchoma, papasa. Mbele ya bega kuna tezi, na nyingine iko chini ya sikio. Ng'ombe mwenye ndigana kali huvimba tezi hizo, na nimesikia watu wakilaumiwa kwa "uvimbe wa sindano" uliokuwepo hata kabla dawa haijafunguliwa. Ukiukuta, mwonyeshe mwenye ng'ombe palepale, kisha sogea pembeni. Usichome juu ya tezi.

Sasa kipimo, na hapa ndipo vinundu vingi vinapopatikana. OTC ya asilimia 20 ni mililita 1 kwa kila kilo 10. Ng'ombe wa kilo 300 anahitaji mililita 30. Kwa kuwa bomba letu kubwa ni la mililita 20, mtu anasukuma 20 mahali pamoja, anajaza tena, anamalizia 10 pembeni kidogo. Nyama haiwezi kunywa kiasi hicho kwa mkupuo. Mimi sizidishi mililita 10 kwenye tundu moja: sindano mbili upande wa kushoto zikiachana vidole vinne, ya tatu upande wa kulia. Dawa ya ndigana kali, buparvakoni, ni mililita 1 kwa kilo 20, kwa hiyo ng'ombe huyohuyo anapata 15, nazo nazigawa mara mbili. Na usikisie uzito kwa macho. Utepe wa kupimia kifua unauzwa kwenye maduka ya pembejeo, na mara nyingi utakuonyesha kwamba ng'ombe "mkubwa" ni wa kilo 240.

Kina kinafuata maandishi ya chupa. Iliyoandikwa chini ya ngozi, kama ivamektini, inua ngozi kwa vidole viwili ipate kuachana na nyama, ingiza sindano fupi kwa mshazari. Iliyoandikwa ndani ya msuli, tumia sindano ndefu, inchi moja na nusu kwa ng'ombe mzima, iingie wima. Isometamidiamu hasa inataka kwenda ndani kabisa, kwa sababu ikivuja na kubaki chini ya ngozi huvimba vibaya. Ujanja mdogo: vuta ngozi pembeni kwa kidole kabla ya kuchoma, kisha iachie ukitoa sindano. Tundu la ngozi na tundu la nyama hayatalingana tena, na dawa haitarudi juu. Ukishaingiza, vuta kisukumio cha bomba nyuma kidogo. Ukiona damu, toa, tafuta pengine. Halafu sukuma polepole. Dawa nzito iliyolala kwenye baridi ya alfajiri ishike kwanza kiganjani ipate joto.

Kuhusu usafi nitasema kwa ukali kidogo, maana hapa watu wanafanya ubahili wa ajabu. Mtu ana ng'ombe wa zaidi ya shilingi milioni moja, anachoma kundi zima kwa sindano moja iliyofungwa kwenye kanga. Sindano moja iache kwenye kizibo cha chupa, kazi yake kunyonyea dawa tu. Iliyoingia kwa ng'ombe hairudi kwenye chupa, kwa sababu ikirudi umepanda uchafu utakaowafikia wote watakaofuata. Kwenye matibabu, kila mnyama na sindano yake. Damu kidogo tu inatosha kumhamishia mwenzake ndigana baridi. Iliyopinda usiinyooshe, itakatikia nyamani. Ngozi yenye kinyesi isafishe, na iliyolowa mvua au dawa ya josho isubiri ikauke.

Chanjo zilizo hai zina sharti lake. Bomba lichemshe kwa maji, usilisafishe kwa dawa ya kuua vijidudu, maana mabaki yake yataua na chanjo. Chanjo ya homa ya mapafu inaweza kuvimbisha mahali ilipochomwa hata mkono ukiwa safi, kwa hiyo usiwahi kumlaumu mchanjaji. Lakini usinyamaze, mwambie aje aone.

Na kama kinundu kimeshatokea? Kidogo, kisicho na joto, ng'ombe anakula vizuri: kiache, utakiona kikinywea siku hadi siku. Kikikua na kuwa laini katikati, hilo ni jipu. Wembe wa zizini usiliguse, mwite mtaalamu wa mifugo alipasue kwa usafi na usaha usimwagike penye malisho. Uvimbe wa moto unaoenea haraka, ukiubonyeza unasikia kama hewa inapasukapasuka chini ya ngozi, na mnyama ana homa, huo ni wa kuitia mtu saa hiyohiyo, si kesho. Unaweza kuwa chambavu au ndugu zake.

Mimi huandika kwenye daftari: tarehe, dawa, upande uliochomwa, na siku ambazo chupa imekataza kuuza maziwa au kuchinja. Mnunuzi akiuliza, namfungulia ukurasa.