Je, Mtoto Wako Yu Tayari kwa Kiti cha Kumwinua Garini?

Wazazi wengi hudhani kwamba mtoto akitimiza miaka minne, kiti chenye mikanda yake chenyewe hakina kazi tena. La hasha! Umri peke yake hautoshi. Soma maandishi yaliyo ubavuni mwa kiti. Hapo pameandikwa uzani na kimo cha mwisho. Ikiwa mtoto hajavifikia, na mabega yake hayajapita matundu ya juu ya mikanda, mwache humo humo.

Kiti cha kumwinua humpandisha mtoto ili mkanda wa gari umkae sawasawa. Sehemu ya chini yapaswa kulala juu ya mapaja, karibu na nyonga. Ya juu ipite katikati ya bega na kifua. Mkanda ukikaa tumboni, gari likigongana na jingine waweza kupasua matumbo na kuumiza uti wa mgongo.

Kisha jiulize: ataketi wima safari nzima? Yule anayesinzia akiegemea mlango, au anayepitisha mkanda nyuma ya mgongo apate kucheza na nduguye, hajawa tayari hata kama uzani umetimia.

Mketishe nyuma, penye mkanda wa bega na kiuno. Wa kiuno pekee haufai. Atakitumia kiti hiki hadi kimo cha sentimita 145 hivi, yaani kati ya miaka 10 na 12 kwa wengi. Na mto wa sebuleni, mpenzi msomaji, si badala yake. Huteleza.