Mafunzo Matano Niliyopata kwa Kufundisha “Take Off”

Wanafunzi wangu wa jioni, hapa Mji Mkongwe, ni watu wa kazi: wahudumu wa hoteli, madereva wa watalii, watu wa mapokezi. Kiingereza cha barua wanacho. Kinachowasumbua ni vile vitenzi vya maneno mawili mepesi, ambayo yakikaa pamoja yanageuka kitu kingine kabisa. Katika vyote hivyo, “take off” ndicho kilichonifundisha mengi.

1. Anza na “piga”

Kamusi ikitoa maana sita saba za “take off”, darasa hulalamika kwamba Waingereza hawana mpango. Hapo nauliza: sisi tunapiga nini? Majibu humiminika: simu, pasi, deki, picha, kura, magoti, chafya. Na katika hivyo vyote hakuna kinachoumia! Mswahili hatafuti maana ndani ya “piga” peke yake. Anasubiri neno linalofuata. Wao wanaongeza kijineno kama “off” au “up”, sisi tunaongeza nomino, ila akili inayohitajika ni ileile, na tunayo tangu utotoni.

2. Uliza nani anatenda, na anatenda nini

Dada mmoja wa mapokezi alikuja na sentensi ya mgeni wake: “Please take the laundry off my bill.” Akauliza, “Mwalimu, sasa huyo dobi nimvue nini?” Darasa likaangua kicheko, lakini swali lilikuwa na mashiko. Tukaiandika ubaoni, tukaikagua. Kinachotajwa ni gharama ya kufua, na mahali ilipo ni kwenye bili; basi maana ni kuondoa. Ingekuwa koti au viatu, ni kuvua. Ingekuwa shilingi elfu kumi kwenye bei, ni kupunguza. Ingekuwa Ijumaa, ni kutokwenda kazini, au kama wasemavyo wanafunzi wenyewe, kuwa ofu. Na pasipo na kitendwa, mtazame mtendaji: ndege inapaa, biashara inashamiri, mtu anaondoka ghafla.

3. Maana unayoijua zaidi huenda ndiyo changa

Wengi hudhani ndege ndiyo chimbuko la maana zote. Samuel Johnson, katika utangulizi wa kamusi yake ya mwaka 1755, aliandika kwamba vitenzi vya aina hii ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kuliko yote. Katika mifano yake alikitaja “take off”, akakipa maana ya kuiga. Mpaka leo Mwingereza anaweza kukitumia kwa mchekeshaji anayemuigiza waziri mkuu. Ndege ya akina Wright iliruka baadaye sana, Desemba 1903. Mwaka 1956 mwanauchumi W. W. Rostow akakichukua kwa nchi ambazo uchumi wake unaanza kukua kwa nguvu zake wenyewe.

4. Visawe havikai mahali pamoja

“Remove”, “deduct”, “imitate” na “depart” vyote ni visawe vya “take off”, lakini kila kimoja kina pa kukaa. Bango la ofisi litaandika “remove”. Mama akimwambia mwanawe avue viatu atasema “take off”. Kwa marubani, tofauti hizi zina uzito wa roho za watu. Tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana katika ukungu kwenye uwanja wa Tenerife, wakafa watu 583. Miongoni mwa sababu ni kwamba rubani msaidizi wa ndege mojawapo alisema redioni kuwa wako kwenye “take-off”. Mwongoza ndege akaelewa kuwa wamesimama tayari, wanangoja ruhusa, kumbe ndege inakimbia. Baadaye utaratibu ukakazwa: neno hilo hutamkwa tu ruhusa ya kupaa inapotolewa au inapofutwa. Kwingine husemwa maneno kama “departure”.

5. Kiwakilishi kiingie katikati

“Take off your shoes” ni sawa, na “take your shoes off” ni sawa. Lakini viatu vikishakuwa “them”, ni lazima viingie katikati: “take them off”. Kanuni hii nilikuwa naieleza kwa maneno mengi hadi dereva mmoja akasema, “Si kama ‘vivue’ tu, Mwalimu?” Ndivyo hasa. Na sisi pia “viatu” tunaviweka mwisho, lakini “vi-” tunaiingiza ndani ya kitenzi.

Siku hizi sigawi tena orodha za visawe. Nagawa sentensi za kazini mwao, na mwanafunzi hataji tafsiri kabla hajanionyesha mtendaji na kitendwa. Utaratibu huohuo tumeupeleka kwenye “put up” na “make up”, na unafanya kazi.