Mbona Picha Imepauka? Maswali na Majibu Kuhusu HDR Kutoka Kompyuta Mpakato Hadi Runinga

Runinga zenye nembo ya HDR zimejaa madukani, na kompyuta mpakato nyingi za miaka ya karibuni zina uwezo wa kutoa picha hiyo. Shida huanza pale zinapokutanishwa. Mtu huchomeka waya, huweka filamu, na machweo yaliyotarajiwa kuwaka yakaja na rangi ya majivu. Au skrini huzima sekunde mbili, ikawaka, ikazima tena. Wengi hukimbilia kununua waya mpya, na mara nyingi fedha hiyo hupotea bure. Kila hitilafu ya HDR ina sura yake, na aliyeitazama vizuri hujua mkosaji ni nani kabla ya kufungua pochi.

HDR ni kitu gani, na inatofautianaje na 4K?

4K ni idadi ya nukta kwenye skrini: 3840 kwa 2160. HDR haigusi idadi hiyo. Inahusu mwangaza na rangi ya kila nukta. Video ya kawaida huandaliwa kwa mwangaza wa niti 100 hivi. Mfumo wa PQ, uliosanifiwa mwaka 2014, unaweza kueleza mwangaza hadi niti 10,000, ingawa filamu nyingi huishia 1,000 au 4,000. Rangi nazo hubebwa kwa biti 10 badala ya 8, yaani ngazi 1,024 kwa kila rangi ya msingi pale palipokuwa na 256. Bila ngazi hizo, anga la jioni lingejaa michirizi.

Aina ya msingi inaitwa HDR10. Dolby Vision na HDR10+ huongeza maelekezo ya onyesho moja moja, na HLG ilibuniwa na BBC ya Uingereza pamoja na NHK ya Japani kwa ajili ya matangazo ya televisheni. Samsung haiweki Dolby Vision kwenye runinga zake, LG nayo haiweki HDR10+. Ugomvi huo wa makampuni hulipiwa na mtazamaji.

Picha inatoka, lakini imepauka kana kwamba imepakwa majivu. Kosa liko wapi?

Hili ndilo lalamiko la kila siku, na waya hauhusiki. Video imeandikwa kwa kipimo cha PQ, lakini programu inayoicheza inaisoma kwa kipimo cha zamani. Ni sawa na mtu kuambiwa "saa mbili asubuhi" akaihesabu kwa saa za Kizungu: tarakimu ni zilezile, ila amepotea kwa saa sita.

Pa kuanzia ni mipangilio ya skrini kwenye Windows 10 au 11. Runinga ichaguliwe kwanza, kisha swichi ya HDR iwashwe. Vitufe vya Windows, Alt na B vikibonyezwa pamoja hufanya kazi hiyohiyo. Runinga nyingi huonyesha alama ndogo ya HDR pembeni mwa picha mara tu zinapoipokea. Alama isipotokea, iangaliwe kama kompyuta imewekwa kurudufu picha kwenye skrini mbili. Skrini ya mpakato isipokuwa na HDR, urudufishaji huiburuta runinga chini hadi kiwango cha mwenzake. Dawa ni kupanua eneokazi, au kutumia skrini ya pili peke yake.

Swichi ikiwa imewashwa na majivu bado yapo, programu ya kuchezea ndiyo inayoshukiwa. VLC ilianza kutoa HDR kwenye Windows kwa toleo 3.0 la mwaka 2018, na matoleo ya kabla ya hapo hayafai kwa kazi hii. Rangi zikigeuka kijani na zambarau, hilo ni jambo jingine: faili ni ya Dolby Vision ya aina isiyobeba HDR10 ndani yake, na programu haiielewi. Hapo hakuna mpangilio wa runinga utakaosaidia. Itafutwe programu nyingine au nakala nyingine ya filamu.

Mafundi wa video za harusi nao wanaujua ugonjwa huu hata kama hawajui jina lake. Tangu iPhone 12 ya mwaka 2020, simu hizo hurekodi video ya HDR. Vipande vyake vikichanganywa na vya kamera ya kawaida katika mradi usio wa HDR, bila kugeuzwa kwanza, shela la bibi harusi huungua kwa weupe na nyuso hupoteza rangi yake. Kuizima HDR kwenye simu kabla ya kurekodi ni rahisi kuliko kuhangaika nayo usiku wa kuhariri.

Ukiwasha HDR, eneokazi zima linafifia. Runinga imeharibika?

Haijaharibika. Windows inajaribu kuonyesha vitu vya kawaida kwa mwangaza wake wa kawaida ndani ya nafasi kubwa ya HDR, hivyo ukurasa mweupe uliozoeleka kung'aa unaonekana wa kijivu. Ndani ya mipangilio ya HDR kuna kitelezi cha mwangaza wa maudhui yasiyo ya HDR. Kisogezwe hadi macho yaridhike. Anayetumia runinga kwa barua na majedwali mchana kutwa hana sababu ya kuiacha swichi ya HDR ikiwa imewashwa.

Skrini inazima na kuwaka, au inakuwa nyeusi moja kwa moja. Je, hapa ni waya?

Hapa ndiyo, mara nyingi, na hesabu inaonyesha kwa nini. HDMI 1.4 hupitisha gigabiti 10.2 kwa sekunde, na haina njia ya taarifa za HDR. HDMI 2.0 ya mwaka 2013 hupitisha 18, na taarifa hizo ziliongezwa mwaka 2015. HDMI 2.1 ya mwaka 2017 inafika 48. Picha ya 4K kwa hezi 60, rangi kamili, biti 8, inahitaji gigabiti 17.8. Ikipandishwa hadi biti 10 inataka 22.3, na HDMI 2.0 haina nafasi hiyo. Kompyuta hulazimika kupunguza taarifa za rangi au kurudi kwenye biti 8, na waya dhaifu au mrefu mno hukata tamaa katikati.

Kabla ya kwenda dukani, hezi zishushwe hadi 24 au 30. Filamu nyingi za sinema hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo hezi 24 haziibi kitu, na hapo biti 10 zinahitaji gigabiti 11 na kidogo tu. Weusi ukitoweka, mkosaji ni waya au adapta. Waya mpya uwe na lebo ya Premium High Speed kwa gigabiti 18, au Ultra High Speed kwa 48. Maneno "HDMI 2.1" yaliyochapwa tu kwenye boksi hayathibitishi chochote.

Kompyuta inasema runinga haina HDR, wakati nembo ipo mbele yake. Nani anadanganya?

Hakuna. Matundu ya HDMI ya runinga nyingi hutoka kiwandani yakiwa katika hali ya kawaida, na kila tundu hufunguliwa peke yake. Kwenye Samsung mpangilio huo huitwa Input Signal Plus, kwenye LG ni HDMI Deep Colour, na Sony huuita Enhanced. Anayehamisha waya kutoka tundu la kwanza hadi la tatu anarudi mwanzo bila kujua.

Adapta za USB-C nazo zina mitego. Si kila tundu la USB-C hutoa picha, na adapta za zamani zilizojengwa juu ya DisplayPort 1.2 hazipitishi HDR. Inayotakiwa ni 1.4, ya mwaka 2016.

YouTube inaonyesha HDR vizuri, mbona Netflix inagoma?

Netflix ina kufuli. Inadai kifurushi cha Premium, kivinjari cha Edge au programu yake yenyewe kwenye Windows, na ulinzi wa HDCP 2.2, unaozuia kunakili picha, kwenye kila skrini iliyounganishwa. Skrini moja ya zamani iliyosahaulika pembeni inatosha kuzuia zote.

Na wenye Mac au Linux?

Mac zinazoweza HDR huwa na kisanduku chake kwenye mipangilio ya skrini, na kazi kwa kawaida huishia hapo. Linux ilichelewa: KDE Plasma 6 ya mwaka 2024 na GNOME 48 ya mwaka 2025 ndizo zilizoleta HDR kwenye eneokazi la kawaida, kwa njia ya mfumo wa picha wa Wayland.

Kila kitu kimekubali, alama ya HDR inaonekana, lakini picha haivutii. Kwa nini?

Kwa sababu nembo ni rahisi kuibandika. Kiwango cha DisplayHDR 400 cha skrini za kompyuta, cha chini kabisa kati ya vile shirika la VESA lilivyotangaza mwaka 2017, kinataka kilele cha niti 400 tu, na hakidai taa za nyuma zigawanywe kwa maeneo. Paneli ya aina hiyo ikipewa filamu ya niti 1,000 hubana sehemu angavu, na giza lake linabaki kijivu. Mwenye skrini au runinga kama hiyo ajaribu onyesho moja mara mbili, HDR ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa, kisha aiache ile inayompendeza.