Wengi na Wachache

Yafaa tujiulize: je, wengi wakikubaliana juu ya jambo, wachache hawana haki tena? Mwaka 1991 iliundwa Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ili kukusanya maoni ya Watanzania juu ya mfumo wa vyama. Katika kila watu 100 waliotoa maoni, karibu 80 walitaka chama kimoja kiendelee; wapatao 20 tu walitaka vyama vingi. Lau ingekuwa ni hesabu peke yake, shauri lingekwisha hapo. Lakini Tume ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikapitishwa. Wapo wawezao kusema kwamba wengi walidharauliwa. Mimi sioni hivyo, kwani aliyekipenda chama chake hakunyang'anywa. Aliyenyimwa ndiye aliyepewa.

Tazama jambo hili huku Kigoma. Mwaka 2015 jimbo la Kigoma Mjini, ambamo Katubuka ni kata mojawapo, lilimchagua Zitto Kabwe, mbunge pekee wa jimbo aliyetoka ACT-Wazalendo. Kura yake moja haikutosha kuzuia muswada uliotakiwa na wengi. Lakini alipotaka kuupinga, Ibara ya 100 ya Katiba ililinda uhuru wake wa kusema Bungeni.